Mbao za kuokota, mashine ya kukereza, na oda ya mabakuli 30 iliyokula kodi ya fremu

Tangu niliposti ile video ya maranda yanaruka, inboksi yangu haijapumzika. Mnauliza mashine nimenunua wapi, mbao natoa wapi, na lile swali la kila mtu: je, kuna pesa? Nimeona nijibu wote hapa kwa mpigo. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo chukua chai kabisa.

Kwa wageni wa ukurasa: nina fremu ndogo Ngamiani, hapa Tanga, nauza vyombo vya jikoni, nusu dukani nusu mtandaoni. Shule niliishia kidato cha nne. Kukereza nimejifunza kwa video za simu, kwa kuharibu, na kwa babu mmoja njia ya Pangani ambaye nitamtaja mbele. Nilianza kama starehe ya Jumapili, siyo biashara. Na kiukweli ningebaki hapo hapo kwa mwaka mmoja, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Kwanza tuelewane neno. Kuchonga, mbao imetulia na patasi ndiyo inatembea. Kukereza ni kinyume chake: mbao inazunguka kwenye mashine, wewe patasi umeituliza juu ya kiegemeo na unaisogeza taratibu. Kwa hiyo kila kinachotoka ni cha mviringo: bakuli, kisukumio cha chapati, mpini, kinara, kikopo cha chumvi. Pwani yetu siyo jambo geni hili. Angalia matendegu ya vitanda vya zamani, zile pete pete na vichwa vya mviringo, hakuna mtu aliyezichonga kwa kisu. Zimekerezwa.

Babu niliyemtaja ndiyo kazi yake, matendegu na nguzo za ngazi. Nilimfuata mara ya kwanza kumtafutia mteja wangu miguu ya kitanda. Nikasema shikamoo, nikakaa kwenye gogo nikimsubiri amalize, nikajikuta nimekaa saa tatu. Fremu siku ile haikufunguliwa mchana kabisa.

Mashine yangu sikuinunua dukani. Ni mota ya nusu hosipawa iliyotoka kwenye pampu ya maji iliyokufa, mkanda, puli mbili, na fremu ya chuma aliyonichomelea fundi wa mageti. Mota inazunguka kama mara 1,440 kwa dakika. Puli ya mota ni inchi 2, puli ya mashine ni inchi 4, kwa hiyo mbao inazunguka nusu yake, mara 720. Kwa nini nimeweka nusu? Kuna hesabu mafundi wa kukereza wanaitumia dunia nzima: zidisha upana wa mbao kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10 mara 720 ni 7,200, niko salama. Ningeiacha ile 1,440 ingekuwa 14,400, na gogo la kilo tatu likichomoka kwa spidi hiyo halichagui pa kugonga. Gogo ambalo bado halijawa duara, anza chini zaidi ya hapo.

Tuongelee usalama sasa hivi, nisije nikasahau. Dada zangu: mtandio, khanga, mikono mirefu, rasta ndefu, vyote mbali na mashine. Funga nywele, vaa fulana. Miwani peke yake haitoshi, tafuta ngao ya uso mzima. Barakoa vaa, maana vumbi la mvule, mninga na mpingo linawasha ngozi na linakaba kifua kwa watu wengi, na hujijui kama wewe ni mmoja wao mpaka uwe umeshaumwa. Utomvu wa mwembe na mkorosho nao unatoa vipele, hasa mkorosho. Na hili la kwetu ambalo video za wazungu hazisemi: umeme ukikatika, zima swichi ya mashine KWANZA kabla hujaenda popote. Mimi niliacha, nikaenda jikoni kunywa maji, umeme ukarudi. Nilisikia mashine inanguruma peke yake na patasi iliyokuwa juu ya kiegemeo ikapita dirishani. Mdogo wangu alikuwa ametoka kusimama pale pale dakika mbili nyuma.

Patasi nazo, usitengeneze kwa tupa ya zamani. Ni chuma kigumu lakini kinavunjika kama kigae ukikipiga kishindo. Mhunzi wangu alinitengenezea mbili kwa chuma cha springi ya gari, zinahimili. Moja ni ya mfereji, yaani ina bonde katikati kama mgomba uliopasuliwa, hiyo ndiyo ya bakuli. Nyingine bapa ya kukwangulia.

Mbao sasa. Mimi sijawahi kununua mbao mpya kwa ajili ya kukereza, na ndiyo utamu wenyewe. Tanga hapa nyumba za zamani zinabomolewa kila mwezi. Milango, fremu za madirisha, boriti za dari, vingi vinaishia kuwa kuni. Mafundi seremala wana vipande vya msaji, maana Longuza pale Muheza kuna shamba kubwa la misaji na mbao zake zinafika mjini. Kipande cha inchi 12 kwa seremala ni takataka, kwangu ni vikopo vitatu. Halafu kuna miembe na mifenesi inayokatwa uani kwa watu kwa sababu mizizi inapasua ukuta. Mfenesi ukiukata ni wa njano kabisa, unaweza kudhani umepakwa rangi, halafu unakolea kahawia kadiri miezi inavyokwenda. Mteja mwambie hilo mapema, la sivyo atasema umemtumia bakuli lingine.

Mbao ya kuokota ina mambo yake. Misumari: nimeng'oa sumaku kwenye spika mbovu, naipitisha juu ya kila ubao pande zote nne. Msumari mmoja tu uliojificha unang'oa meno ya patasi na unakurudishia kipande usoni. Rangi: milango ya zamani sana inaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, usiipige msasa ukavuta lile vumbi. Mimi mbao yenye rangi naikwangua ikiwa imelowa, nje, na siitumii kwa chombo cha chakula hata iwe nzuri vipi. Vipande vya nguzo za umeme achana navyo moja kwa moja, zimelowekwa dawa ya kuua mchwa na wadudu, na dawa hiyo haitoki. Pale la mizigo ya bandarini lina muhuri: ukiona herufi HT, lilitibiwa kwa joto, hilo halina shida ya dawa. Ukiona MB, lilipigwa gesi ya sumu, liache. Lisilo na muhuri kabisa mimi pia naliacha kwa vyombo vya chakula, maana sijui lilibeba nini.

Na kibali. Mti wa uani kwa jirani siyo sababu ya kupakia magogo kwenye guta ukapita nayo barabarani unaimba. Mazao ya misitu yana taratibu za kusafirisha, nenda ofisi ya TFS ya wilaya yako uulize kabla, na kwa seremala chukua risiti hata kama vipande ni vya elfu mbili. Nitarudi kwenye hili nikifika kwa mpingo.

Sasa nije kwenye yaliyonipata.

Mwezi wa saba wa kukereza nilikuwa nimeuza visukumio vya chapati kama 40 na vikopo vichache, vyote vya msaji na mninga wa milango ya zamani. Hakuna hata kimoja kilichorudi. Nikajiona fundi. Jirani akakata mwembe, akanipa shina zima bure. Wiki hiyo hiyo nikaposti bakuli moja la mwembe, lina mistari ya kahawia na kijivu, zuri kweli. Dada mmoja wa Dar akaniandikia: anaandaa kicheni pati, anataka mabakuli 30 ya kugawa kama zawadi, shilingi 12,000 kila moja, ana wiki mbili. Elfu 360, wadau. Kodi yangu ya fremu ni 120,000 kwa mwezi na tunalipa miezi mitatu mitatu. Yaani oda moja ilikuwa kodi nzima ya robo mwaka! Nikasema ndiyo kabla sijamaliza kusoma ujumbe.

Nilikereza usiku kwa siku kumi na mbili. Mbao ya mwembe mbichi inakatika kama muhogo, maranda marefu yanatoka yamelowa, unaona raha. Nikapaka mafuta, nikafunga kwenye magazeti, nikapakia basi. Dada akapokea, akafurahi, akaniposti hadi kwenye stetasi yake.

Siku ya tisa ikaja picha. Halafu ya pili. Halafu ujumbe wa sauti ambao sikuweza kuusikiliza mpaka usiku. "Dada yangu, haya mabakuli yanapasuka yenyewe kabatini, tunasikia kabisa paa! Kesho kutwa nina shughuli, mimi nawapa nini wageni?" Mabakuli 19 kati ya 30 yalikuwa na ufa. Mengine ufa umeanzia katikati ya kitako hadi ukingoni, unaona mwanga upande wa pili.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Nilifikiria kusema ni hali ya hewa. Nilifikiria kusema walimwagia maji. Mwisho nilimrudishia 360,000 zote usiku ule ule, na hiyo ndiyo ilikuwa kodi. Yale 11 mazima nikamwambia abaki nayo. Nikamwomba kitu kimoja tu, anipigie picha kila bakuli kwa chini, mazima na yaliyopasuka. Alikuwa amekasirika lakini alinitumia, picha 30, na sitamsahau kwa hilo. Kodi nikakopa kwenye kikoba chetu kwa riba, nikamaliza kulipa baada ya miezi minne. Miezi hiyo rafu za dukani zilikuwa na mapengo, wateja wa mtaani wakawa wanauliza kama nafunga.

Nikaenda kwa babu na bakuli moja lililobaki kwangu, nalo lilikuwa limepasuka. Akaligeuza, akaweka kidole gumba kwenye ufa.

"Mti ulikatwa lini?"

"Wiki mbili kabla, babu."

Akacheka. "Bado ulikuwa unalia huu, mjukuu wangu. Na kiini umekiacha humu humu ndani."

Nikafungua zile picha 30, tukaziangalia pamoja juu ya simu yenye kioo kilichopasuka nacho. Kwenye kitako cha bakuli unaona pete za mti. Yale 19 karibu yote yalikuwa na kile kidoa cha katikati ya shina, au pete zinazokizunguka kwa karibu. Yale 11 yalitoka pembeni ya shina, pete zimepita kama upinde, hakuna duara lililofunga.

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo, nisome taratibu. Mti mbichi umejaa maji. Ukikauka unasinyaa, lakini hausinyai sawa pande zote. Kwa urefu wake karibu hausinyai kabisa. Kutoka kiini kwenda kwenye gome unasinyaa kiasi. Kuzunguka, yaani kufuata zile pete, unasinyaa takriban mara mbili ya hapo. Sasa piga picha kichwani: duara kamili la pete linataka kufupika kwa kuzunguka kuliko linavyofupika kwa kwenda ndani. Haliwezi, kwa sababu limefungwa. Njia pekee ni kupasuka. Ndiyo maana gogo lolote lililoachwa juani linapasuka kama limepigwa shoka, ufa ukielekea katikati. Ukilipasua gogo kati kwa kati ukatoa kiini, zile pete zinakuwa zimekatwa, zinapata nafasi ya kujivuta. Bakuli litapinda kidogo liwe kama yai, lakini halitapasuka kirahisi.

Kwa hiyo gogo bichi sasa nalifanya hivi. Siku ile ile linapokatwa, napaka miisho yote miwili rangi nzito yoyote iliyobaki dukani, au nta, kwa sababu maji yanatoka haraka sana kwenye miisho kuliko ubavuni. Ndani ya wiki nalipasua kwa msumeno wa mnyororo, natoa ubao wa kiini wa kama inchi mbili katikati, huo unakuwa kuni. Vinavyobaki nakereza mara ya kwanza vikiwa vibichi, lakini vinene: unene wa ukuta uwe moja ya kumi ya upana. Bakuli la inchi 10, ukuta inchi 1, sawa pande zote na kitako pia, maana mahali panene panakauka taratibu na pembamba haraka, na hapo ndipo vinagombana. Kisha naliweka kwenye mfuko wa karatasi wa khaki pamoja na maranda yake yenyewe, kivulini, mbali na upepo. Mfuko wa plastiki hapana, utaota ukungu siku tatu. Mwembe una haraka ya kuota ukungu na kuliwa na wadudu kuliko mbao zote nilizogusa, usiuache wiki tatu uani ukasema utaushughulikia.

Halafu mzani. Mzani wa jikoni tu, ule wa kupimia unga wa keki, nauza dukani. Kila Jumapili napima kila bakuli na kuandika kwa penseli kwenye kitako. Moja lilianza na gramu 1,480. Wiki iliyofuata 1,310. Halafu 1,195. Linashuka, linashuka, linaanza kushuka kwa gramu kumi kumi, mwishoni likagoma kwenye 910 wiki tatu mfululizo. Likigoma ndiyo limekauka kadiri ya hewa ya hapa. Miezi minne, mitano, mengine sita. Ndipo nalirudisha kwenye mashine, naliweka duara upya, napunguza ukuta uwe mwembamba, msasa kuanzia namba 80, 120, 180, 240 hadi 400 bila kuruka hata mmoja. Ukiruka, mikwaruzo ya mwanzo itaonekana siku mteja atakapopaka mafuta.

Nimesema "hewa ya hapa" makusudi. Tanga ni pwani, hewa ina unyevu. Bakuli lililokauka Tanga likienda Dodoma litaendelea kusinyaa kidogo, kwa sababu kule hewa ni kavu zaidi. Bakuli la kawaida halina shida. Kikopo chenye kifuniko kilichobana vizuri hapa kitagoma kufunguka kule, au kitalegea. Nilipata malalamiko mawili kabla sijaelewa. Sasa mteja wa bara nikijua anataka kikopo, kifuniko nakiacha kicheze kidogo na namwandikia sababu.

Mafuta ya kupaka. Mafuta ya kupikia usipake, yanabaki yananata na yanaanza kunuka. Natumia mafuta ya kitani au ile parafini ya maji inayouzwa duka la dawa kama dawa ya choo, ambayo haiozi, nachanganya na nta ya nyuki niliyoyeyusha kwenye sufuria iliyokalia maji ya moto. Tahadhari moja kubwa: kitambaa chenye mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa kwenye kapu la maranda. Mafuta yale yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kiloweke kwenye maji.

Sasa lile swali la pesa. Lile bakuli la 12,000, hebu tulipigie hesabu. Msasa 1,500, umeme 600, mafuta na nta 800, kuleta mbao 1,000. Hiyo 3,900. Kufunga na boksi 1,200. Jumla 5,100, inabaki 6,900 kwa saa mbili na nusu za kazi. Siyo mbaya eh? Ila umesahau yanayokufa. Kwangu, hata kwa njia sahihi, katika kila manne moja linapasuka au linachomoka. Kwa hiyo gharama ya manne, 15,600, inabebwa na matatu, ongeza boksi tatu 3,600, jumla 19,200, gawa kwa tatu: 6,400 kila moja. Na saa kumi zimegawanywa kwa matatu. Ukiuza 12,000 unabaki na 5,600 kwa zaidi kidogo ya saa tatu, yaani kama 1,680 kwa saa, halafu pesa yako imelala kwenye mfuko wa khaki nusu mwaka. Kisukumio cha chapati cha msaji mkavu kutoka mlango wa zamani nauza 8,000, kinachukua dakika 40, karibu hakiharibiki na kinalipwa wiki hiyo hiyo. Mtu anayeanza aanze na visukumio. Bakuli sasa nauza 25,000, na wapo wanaosema ghali, nawaonyesha la plastiki la 3,000 kwenye rafu ya chini bila kununa. Lipo, ni zuri.

Kuuza mtandaoni: video ya maranda yanaruka inaleta watu kuliko picha kumi za bakuli lililokamilika, sijui kwa nini, lakini ndivyo. Picha weka na kikombe cha chai pembeni mtu ajue ukubwa. Andika ni mti gani, umetoka wapi ("mlango wa nyumba iliyobomolewa Ngamiani" inauza yenyewe), na umekaushwa miezi mingapi. Andika pia kwamba chombo hakilowekwi, kinaoshwa haraka na kufutwa, na mafuta kinapakwa tena kikianza kupauka. Nikiweka maandishi hayo kwenye kikaratasi ndani ya boksi malalamiko yanapungua kabisa.

Na tafadhali, kila mbao nyeusi siyo mpingo. Kuna watu wanapaka rangi ya viatu. Mpingo ni mzito mpaka unazama majini, mteja anayejua atakujaribu kwa ndoo. Mpingo pia uko kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, jamii yake yote iliingizwa mwaka 2017, kwa hiyo akitokea mtu wa nje anataka umtumie, usikimbilie posta. Nenda TFS uulize vibali vya bidhaa yako na uzito wake. Mimi natumia vipande vidogo tu vya wachongaji, kwa vishikio vya vifuniko.

Yule dada wa Dar nilimtumia bakuli moja la mwembe baada ya miezi sita, bure, lililokauka kwa mzani, nimeandika tarehe zote za uzito kwenye kitako sikuzifuta. Akajibu, "Limefika, asante." Hajaagiza tena mpaka leo, na sijamsumbua.

Juzi mwingine kaniandikia anataka 50 kwa ajili ya Idi. Nimemwambia yaliyokauka ni sita, nimemtumia picha ya kabati na mifuko 22 iliyobaki, kila mmoja na uzito wake. Amesema atafikiria. La juu kabisa leo limesoma 1,040, wiki iliyopita lilikuwa 1,055. Bado linashuka.